Yan Zhenqing na Karatasi Iliyofutwafutwa

Katika Makumbusho ya Kasri la Kitaifa mjini Taipei, kisiwani Taiwan, imehifadhiwa karatasi moja ambayo walimu wengi wa shule zetu wangemrudishia mwanafunzi na kumwamuru aiandike upya. Upana wake haufiki sentimita 80, na kimo chake hakifiki sentimita 30. Ina herufi za Kichina zaidi ya 230. Mwandishi wake ameandika, akakata, akaongeza neno pembeni, kisha akakata tena, hata maneno yaliyofutwa yakapita thelathini. Mahali pengine wino umekolea. Mahali pengine brashi imekauka ikaacha michirizi mitupu, kana kwamba mkono ulikataa kungoja kuchovywa. Mistari inaanza kwa utulivu na kuishia kwa fadhaa.

Karatasi hiyo iliandikwa mwaka wa 758. Kwa karne nyingi wajuzi wa sanaa ya hati nchini Uchina wameihesabu kuwa ya pili kwa ubora miongoni mwa kazi zote za hati ya mtiririko zilizopata kuandikwa. Ya kwanza ni dibaji ya Wang Xizhi ya mwaka wa 353, lakini asili yake imepotea; zilizobaki ni nakala za waliokuja baadaye. Kwa hiyo mtu anayetaka kuuona mkono wenyewe wa bingwa, wala si kivuli chake, hana budi kuiendea karatasi hii iliyofutwafutwa.

Aliyeiandika ni Yan Zhenqing. Nimekusudia leo kuyasimulia maisha yake kwa sababu naamini yanajibu swali ambalo sisi tulio katika kazi ya elimu hatulijibu sawasawa: mazoezi ya kila siku ni ya nini hasa?

Yan Zhenqing alizaliwa mwaka wa 709 katika mji mkuu wa Chang'an, ambao leo huitwa Xi'an, wakati nasaba ya Tang ilipokuwa katika upeo wa utukufu wake. Ukoo wake ulikuwa wa wasomi tangu kale. Yan Zhitui, mmoja wa mababu zake wa karne ya 6, aliandika kitabu mashuhuri cha nasaha kwa vijana wa ukoo huo. Yan Shigu, ndugu ya baba wa babu yake, alisifika kwa ufafanuzi wake wa historia ya nasaba ya Han. Hata hivyo, jina kubwa halijazi ghala. Baba yake alifariki mtoto angali mdogo, akalelewa na mama yake pamoja na jamaa za mama. Wasifu wake wa kale husimulia kwamba nyumbani hapakuwa na karatasi wala brashi za kutosha, basi kijana akawa anajifunza kuandika ukutani kwa udongo wa manjano uliochanganywa na maji.

Hapa yafaa nimweleze msomaji ugumu wa sanaa yenyewe. Brashi ya Kichina ni ya manyoya laini yenye ncha, na karatasi yake hunywa wino papo hapo. Mstari ukishapigwa haurudiwi wala haupakwi tena. Mwandishi akisita, wino hutanda. Akiharakisha, mstari hukosa nguvu. Kila herufi ina mpangilio wake wa mistari, ipi itangulie na ipi ifuate, na nguvu hutoka begani na kiwikoni wala si vidoleni pekee. Ndiyo maana mwanafunzi hunakili kazi za wakuu waliomtangulia mara mamia na maelfu, mpaka mkono uujue mstari kama mguu unavyoijua njia ya kwenda kisimani.

Mwaka wa 734, akiwa na umri wa miaka 25, Yan alifaulu mtihani mkuu wa serikali uliowafungulia vijana milango ya utumishi wa mfalme. Tunajua sote jinsi cheti kinavyoweza kuwa kaburi la elimu: mtu akishakipata, kalamu huwekwa chini na vitabu huliwa na mchwa. Yan hakufanya hivyo. Akiwa tayari ni ofisa, alimtafuta Zhang Xu, bingwa wa hati ya mbio, akawa mwanafunzi wake. Walikuwa watu wawili wasiofanana kabisa. Zhang Xu alijulikana kwa kulewa na kuandika kwa ghadhabu ya furaha, ilhali mwanafunzi wake alikuwa mtu wa taratibu na makini. Maandishi ya kale yanayonasibishwa na Yan yanaeleza kwamba aliloambiwa na mwalimu lilikuwa hili: mstari wa brashi uwe kama uliochorwa mchangani kwa chuma chenye ncha, uzame ndani na kingo zake zisimame. Yan aliichukua kanuni hiyo, wala hakuuiga ulevi wala mbio za mwalimu. Mwanafunzi bora huchukua mzizi na kuliacha jani.

Katika utumishi alianza kujulikana kwa kunyooka. Alipotumwa kuwa mkaguzi katika mipaka ya kaskazini, alifika Wuyuan akakuta kesi ya dhuluma iliyokwama kwa muda mrefu, na nchi iko katika ukame. Aliichunguza kesi na kuikata kwa haki. Mvua ikanyesha, na watu wa huko wakaiita mvua ya mkaguzi. Msomaji na aamini atakavyo kuhusu mvua. Lililo wazi ni kwamba watu waliona haki imetendeka, wakalikumbuka jina la aliyeitenda.

Mwaka wa 752, akiwa na miaka 43, aliandika maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la ukumbusho wa Pagoda ya Duobao. Jiwe hilo lingalipo Xi'an, na hadi leo watoto wengi wa Kichina huanza safari yao ya brashi kwa kunakili herufi zake. Ni hati safi, yenye adabu, isiyo na kosa. Lau angefariki mwaka huo, angekumbukwa kama mwandishi stadi miongoni mwa mastadi. Lakini unyofu wake ulimchukiza Yang Guozhong, aliyekuwa waziri mwenye nguvu, naye mwaka wa 753 akamwondoa mjini kwa kumfanya liwali wa Pingyuan, huko mashariki. Ilikuwa adhabu iliyovikwa joho la cheo.

Pingyuan ilikuwa chini ya kivuli cha An Lushan, jenerali aliyeshika majeshi ya mpaka wa kaskazini-mashariki. Yan alitambua kwamba jenerali huyo alikuwa akijiandaa kuasi. Akisingizia mvua nyingi, aliimarisha kuta za mji, akachimba mahandaki, akahesabu vijana wenye nguvu na kujaza ghala za nafaka. Wakati huohuo alionekana mtoni akipanda mashua na wasomi, wakinywa na kutunga mashairi, hata wapelelezi wakaripoti kwamba liwali huyu ni mtu wa vitabu tu asiye na la kuogopwa.

Mwishoni mwa mwaka wa 755 uasi ulilipuka. Miji ya Hebei ilianguka mmoja baada ya mwingine, Pingyuan haikuanguka. Waasi walipouteka mji wa Luoyang walipeleka Pingyuan vichwa vya maofisa watatu waliouawa huko, ili kuwavunja watu moyo. Yan alivitambua vichwa hivyo, lakini aliwaambia makamanda wake kwamba si vya watu hao, akavificha, naye mjumbe akauawa. Baadaye alivitoa, akavitengenezea viwiliwili vya majani makavu, akavizika kwa heshima na kuvililia. Wilaya 17 zilijiunga chini ya uongozi wake.

Binamu yake, Yan Gaoqing, alikuwa liwali wa Changshan, naye pia aliwageuka waasi. Kijana aliyekuwa akipeleka habari kati ya miji hiyo miwili, akipita katikati ya majeshi ya adui, alikuwa Yan Jiming, mwana wa Gaoqing. Mapema mwaka wa 756 waasi waliuzingira mji wa Changshan. Jenerali wa serikali aliyekuwa karibu hakutuma msaada. Mji ulianguka, Jiming akakatwa kichwa, na baba yake akapelekwa Luoyang ambako aliuawa kikatili, akiwatukana waasi mpaka ulimi wake ulipokatwa. Zaidi ya watu thelathini wa ukoo wa Yan waliangamia.

Miaka miwili baadaye, ndugu mkubwa wa Jiming alitumwa kwenda kuitafuta mabaki ya wafu. Alirudi na kichwa cha Jiming, mwili haukupatikana. Ndipo Yan Zhenqing, akiwa na miaka 49, alipoketi kuandika rasimu ya maneno ya matanga ya mwana wa binamu yake. Hiyo ndiyo karatasi niliyoitaja mwanzoni.

Alianza kwa utaratibu, kama desturi ilivyotaka: tarehe, vyeo vyake, jina la marehemu. Kisha alifika mahali pa kueleza jinsi mji ulivyozingirwa bila msaada, na hapo mkono ukaanza kukimbia. Anakata neno na kuliweka jingine, kwa maana hakuna neno linalotosha. Hakuwa akitengeneza kazi ya sanaa. Hakukusudia yeyote aione, kwa kuwa rasimu huandikwa ili inakiliwe vizuri kisha itupwe. Hata hivyo kila mstari umesimama. Hata pale brashi inapokosa wino, mfupa wa herufi haujavunjika.

Hili ndilo jibu ninaloliona. Mazoezi ya miaka arubaini, tangu udongo wa ukutani, hayakuwa kwa ajili ya jiwe la Duobao. Ukiwa na utulivu na wino wa kutosha, unaweza kuandika vizuri hata bila mazoea makubwa. Mazoezi ni kwa ajili ya siku ambayo huwezi kuufikiria mkono wako kabisa, kwa sababu moyo umejaa jambo jingine zito zaidi. Siku hiyo mkono hutenda kile tu ulichokwisha kuzoea.

Wala hakuacha kujifunza. Mwaka wa 764 ilifanyika hafla kubwa mjini Chang'an, na Guo Yingyi, aliyesimamia utaratibu, akampa Yu Chao'en, towashi aliyeshika jeshi la kasri, kiti cha juu kuliko mawaziri. Yan alimwandikia barua ndefu ya kumkemea kwamba anavuruga mpangilio wa dola kwa ajili ya kujipendekeza. Barua hiyo nayo ilikuwa rasimu yenye kufutwafutwa. Asili yake imepotea, lakini ilichongwa kwenye jiwe, na nakala zilizochapwa kutoka jiweni zimeenea. Takriban mwaka wa 765, wakati wa njaa, aliandika barua nyingine fupi ya kumwomba rafiki mchele: jamaa yake yote ilikuwa imekunywa uji kwa miezi kadhaa, na sasa hata uji umekwisha. Alikuwa waziri wakati huo. Naomba viongozi wetu wakae na barua hiyo kwa dakika moja tu: waziri wa dola kubwa anaomba mchele kwa mwandiko wake mwenyewe, wala haoni aibu, kwa kuwa hana alichoiba.

Mwaka wa 766 alimpinga waziri Yuan Zai, aliyetaka barua zote za maofisa kwa mfalme zipitie mikononi mwake kwanza. Kwa hilo alifukuzwa mji mkuu, akakaa katika majimbo ya kusini kwa zaidi ya miaka kumi. Wengine uhamishoni hunung'unika. Yeye aliufanya kuwa chuo. Huko Huzhou aliwakusanya wasomi, miongoni mwao mtawa Jiaoran na Lu Yu, mwandishi wa kitabu cha kwanza kinachojulikana cha elimu ya chai, wakatunga kamusi kubwa ya mafungu 360. Kamusi hiyo imepotea. Hati iliyokomaa katika miaka hiyo haikupotea.

Kwani ajabu ya Yan ni kwamba mtindo wenyewe unaobeba jina lake ulitimia uzeeni. Mwaka wa 771 aliandika jiwe la mlima Magu akiwa na miaka 62. Mwaka wa 779 aliandika jiwe la ukumbusho wa Yan Qinli, baba wa babu yake, akiwa na miaka 70. Jiwe hilo lilipotea likafukuliwa Xi'an mwaka wa 1922. Mwaka wa 780 aliandika jiwe la hekalu la ukoo wake. Ukilinganisha mawe hayo na lile la mwaka wa 752, utaona adabu ya ujana imekuwa uzito wa utu uzima. Mistari ya wima ni minene, ya mlalo ni myembamba. Nguzo mbili za herufi hupinda kidogo kwa nje, kama mikono ya mtu aliyekumbatia mtungi. Pale mstari unapoanza na kumalizika, wajuzi huona kichwa cha kiwavi wa hariri na mkia wa mbayuwayu. Kabla yake wengi waliuiga ulaini wa Wang Xizhi. Yeye alionyesha kwamba uzito nao ni uzuri. Aliyekuwa na kila sababu ya kuridhika katika miaka arubaini alikuwa bado anajirekebisha katika miaka sabini.

Mwaka wa 783 waziri Lu Qi, aliyemchukia, alishauri kwamba mzee huyo atumwe kwa Li Xilie, jenerali aliyeasi, ili amshawishi arudi katika utii. Kila mtu barazani alijua kwamba ni safari ya mauti. Yan alikwenda. Alizungukwa na vijana zaidi ya elfu moja wenye visu, hakutikisika. Shimo lilichimbwa mbele yake, hakuyumba. Li Xilie alipojitangaza mfalme na kutaka kufundishwa taratibu za kutawazwa, Yan alijibu kwamba anazokumbuka ni taratibu za maliwali kumsujudia mfalme halali tu. Kuni zikawashwa uani, akaambiwa ajitupe kama hakubali. Akauelekea moto mwenyewe, ikabidi azuiwe. Alipoona kwamba hatapona, aliandika waraka wake wa mwisho kwa mfalme, maneno ya kaburi lake, na maneno ya matanga yake mwenyewe. Mwaka wa 785 wajumbe walimjia wakidai kuleta amri ya mfalme. Alisujudu kwa heshima, kisha akauliza waliondoka mji mkuu siku gani. Alipojua kwamba wametoka kwa Li Xilie, aliwaita waasi. Walimnyonga.

Wasomi wa enzi ya Song, kama Ouyang Xiu na Su Shi, walimtukuza, na ikaenea imani kwamba hati iliyonyooka ni ushahidi wa moyo ulionyooka. Hapo mimi nasita. Cai Jing, waziri wa enzi hiyohiyo ya Song, alikuwa na mwandiko mzuri ajabu, na historia inamhesabu miongoni mwa mawaziri waovu walioiangusha dola. Mkono unaweza kufundishwa uzuri huku moyo ukiachwa vichakani. Tusiwadanganye wanafunzi kwamba daftari safi ni tabia safi.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo mkosoaji mkali Mi Fu alilisaidia kudhihirika. Mi Fu hakuipenda hati ya kusimama ya Yan, ile ya kwenye mawe. Aliiona ina makeke. Lakini barua ya ugomvi wa viti aliisifu kuliko kazi nyingine zote za Yan. Yaani hata asiyempenda alikiri mahali ambapo mtu huyu hakuwa akijionyesha. Tabia haimo katika uzuri wa hati. Imo katika kile mtu anachokubali kuandika, na kile anachokataa. Mazoezi humpa mkono wa kuweza kulisema hilo siku inapohitajika.

Mwaka wa 2019 karatasi ya matanga ilipelekwa Tokyo kwa maonyesho. Umati ulipanga foleni ndefu, na katika Taiwan na Uchina bara wengi walikasirika kwamba kitu dhaifu namna ile kimesafirishwa. Zaidi ya miaka 1,250 ilikuwa imepita tangu siku ile ya majonzi, na bado watu waligombana kwa ajili ya rasimu.

Ndugu mwalimu, wewe huna haja ya kufundisha brashi ya Kichina. Lakini kila wiki unatoa insha, imla na hesabu, na mwanafunzi anakuuliza, kwa macho kama si kwa mdomo, mambo haya yote ni ya nini. Usimjibu kwamba ni ya mtihani. Mtihani ni jiwe la Duobao: ni zuri, na halina budi kupitwa. Mwambie kwamba itakuja siku atakayolazimika kuandika barua ya kupinga dhuluma, au kumwombea mtu riziki, au kumlilia nduguye, na siku hiyo hatapata nafasi ya kujifunza. Nawe mwanafunzi, usiione haya karatasi yako iliyofutwafutwa, maadamu kila ulichokifuta ulikifuta kwa kutafuta neno la kweli zaidi.